“Get”: Kitenzi Kimoja, Kauli Zote

Anayejifunza Kiingereza akifungua kamusi kutafuta maana ya “get” hukuta safu kwa safu za maandishi madogo: kupata, kupokea, kununua, kuleta, kufika, kuwa, kuelewa, kushikwa na ugonjwa, kushawishi, na bado hajageuza ukurasa. Wengi hufunga kamusi hapo, wakachukua ile maana ya kwanza, kupata, wakaenda nayo maisha yao yote. Ndiyo maana utamkuta mtu aliyesoma hadi chuo kikuu, anayeandika ripoti na barua za ofisini bila kosa, lakini akikaa mezani na wageni Kiingereza chake kinasikika kama hati ya mkataba. Maneno makubwa anayo. Kinachompungukia ni vitenzi vidogo, na “get” ndiye mkubwa wao.

Nataka kumwonyesha msomaji mlango mwingine wa kukiingilia kitenzi hiki, mlango ambao mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana ufunguo wake. Kumbuka somo la kauli za vitenzi shuleni: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendeka, kutendesha, kutendana. Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi, na habari nzima ya nani kafanya, nani kafanyiwa na nani kasababisha imekwisha kuelezwa. Kiingereza cha leo hakina viambishi vya namna hiyo. Sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na viambishi vyetu, katika Kiingereza cha mazungumzo hufanywa na “get”. Ukilishika hilo, zile safu za kamusi zinaanza kujipanga zenyewe, kwa sababu maana ya “get” haimo ndani ya “get”. Imo katika neno linaloifuata.

Kiingereza cha kale kilikuwa na njia zake za kujenga kauli, na mabaki yapo mpaka leo. Mtu huketi, “sit”, na huketisha kitu, “set”. Mti huanguka, “fall”, na mkata miti huuangusha, “fell”. Hivyo hivyo “lie” na “lay”. Hiyo ilikuwa kauli ya kutendesha, ikafa, ikabaki katika jozi hizo chache ambazo wanafunzi huzichanganya kila siku. Palikuwapo pia kitenzi kizima cha kusema “kuwa” kwa maana ya kugeuka na kuingia katika hali mpya, nacho kikatoweka. “Get” yenyewe ni mgeni: ililetwa na Waskandinavia waliovamia, kisha wakahamia, kaskazini na mashariki ya Uingereza katika karne ya 9 na ya 10. Kwa lugha yao “geta” ilikuwa ni kupata. Jamaa yake wa Kiingereza cha kale amejificha ndani ya “forget” na “beget”. Mgeni huyo akaanza na kupata, akaongezewa kufika, akaongezewa kuwa, na kufikia karne ya 17 alikuwa ameanza kubeba hata kauli ya kutendwa. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Kay Ogden alipotunga Kiingereza chepesi cha maneno 850 kwa ajili ya watu wa mataifa mengine, alibakiza vitenzi 18 tu, na “get” kilikuwa kimojawapo. Aliona kwamba kitenzi hicho kikiwekewa neno sahihi mbele yake kinafanya kazi ya vitenzi kadhaa vilivyoachwa nje.

Sisi huku tumekutana na Kiingereza kwa njia ya darasani. Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta biolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Kiingereza cha kwanza kukijua kwa dhati ni cha vitabu, na vitabu havipendi “get”. Vinapenda “obtain”, “receive”, “become”. Kwa hiyo mwanafunzi anafika mbali sana akiwa hajawahi kuombwa atumie neno ambalo Mwingereza wa miaka mitatu analitumia kutwa nzima. Hilo ni pengo la mafundisho, halihusiani na akili ya mwanafunzi.

Tuingie kazini. Nitaanza na vitenzi vya kubadilika hali, kwa kuwa hapo ndipo faida ilipo kubwa kuliko pengine pote.

Chukua kitenzi choka. Kwa Kiswahili neno hilo ni kitenzi kamili; kwa Kiingereza hakuna kitenzi cha kila siku kinacholingana nalo, kuna sifa tu, “tired”. Sifa inahitaji kitu cha kuibeba, na wabebaji ni wawili: “be” na “get”. Nani abebe lini? Jibu limo katika viambishi vya njeo vya Kiswahili. Ukisema nimechoka, unaeleza hali uliyonayo sasa, na Kiingereza ni “I’m tired”. Ukisema siku hizi nachoka haraka, unaeleza kuingia katika hali hiyo, na Kiingereza ni “I get tired quickly these days”. Nilichoka nikakaa ni “I got tired and sat down”. Nilikuwa nimechoka ni “I was tired”. Utachoka ni “you’ll get tired”. Kwa kifupi, penye -me- tia “be”. Penye -na-, -li-, -ta- na hu- tia “get”.

Jaribu kanuni hiyo kwa kitenzi chochote cha jamii hii. Amelewa, “he’s drunk”. Hulewa kila mwisho wa mwezi, “he gets drunk every month end”. Tumelowa, “we’re wet”. Tutalowa, “we’ll get wet”. Gari limekwama, “the car is stuck”; lilikwama kwenye tope, “it got stuck in the mud”. Tumepotea, “we’re lost”; tulipotea njiani, “we got lost on the way”. Amekasirika, “she’s angry”. Hukasirika upesi, “she gets angry quickly”. Mgeni analalamikia joto la Dar es Salaam unamwambia utazoea: “you’ll get used to it”. Mwenyeji anasema nimezoea: “I’m used to it”. Hakuna cha kukariri hapo zaidi ya sifa yenyewe.

Makosa yanayosikika sana yanatokana na kukosa kanuni hii. Mtu anataka kusema nilichoka, anasema “I was tired”, na msikilizaji anaelewa kwamba alikuwa amechoka tangu mwanzo. Au anataka kusema naanza kuchoka, anasema “I am tiring”, wakati alihitaji “I’m getting tired”. Vivyo hivyo kunakucha ni “it’s getting light”, giza linaingia ni “it’s getting dark”, na muda unakwenda, tuondoke, ni “it’s getting late, let’s go”.

Kuna pembe moja ya -me- inayotaka uangalifu. Ukikutana na jamaa baada ya miaka mingi ukasema amezeeka, una maana amebadilika ukilinganisha na zamani, na hapo Kiingereza husema “he’s got old”. Ikiwa umri wake ni jambo la kawaida tu, ni “he’s old”. Sikio litakufundisha hili polepole; usilihangaikie mwanzoni.

Ndoa nayo imo humu. Ameoa ni “he’s married”, alioa mwaka 2015 ni “he got married in 2015”. Kiswahili kinatenganisha anayeoa na anayeolewa. Kiingereza hakijali, wote wawili “got married”. Kinachokijali ni neno linalofuata: mtu hufunga ndoa “to” mwenzake. Kwa kuwa sisi husema alioana na fulani, ulimi huvutwa kwenye “with”. Uzuie.

Mpaka wa kanuni hii ni wazi: “get” ya namna hii hubeba sifa, haibebi cheo wala kazi ya mtu. Akawa daktari ni “he became a doctor”. Ukisema “he got a doctor”, umesema alikwenda akamwita daktari. Habari ni nyingine kabisa.

Sasa kutendwa na kutendeka. Shuleni tulifundishwa kutendwa kwa “be” peke yake: “The thief was arrested”. Ni sahihi, na katika habari za gazeti ndiyo inayofaa. Lakini mtu anayesimulia mkasa kwa rafiki yake husema “he got arrested”. Kitenzi hiki kinapenda tukio lililomfika mtu, la kumuumiza au la kumfaa: kuibiwa, kuumwa na mbwa, kufukuzwa kazi, kupandishwa cheo, kulipwa. “I get paid on the twenty-fifth” ndivyo mfanyakazi anavyosema nalipwa tarehe 25. Kwa kutendeka hufaa zaidi, kwa sababu mtendaji hatajwi na pengine hajulikani. “The window was broken” inaweza kuwa dirisha lilivunjwa, au lilikuwa limevunjika tangu jana. “The window got broken” ni dirisha lilivunjika, basi.

Kisichokubalika ni kuitumia kwa mambo ya moyoni na akilini yasiyo tukio. Kupendwa na watu wote, kujulikana kwa jibu, kuaminiwa: haya hubaki na “be”. Na daraja au msikiti uliojengwa karne zilizopita, “was built”.

Anayetaka kuisikia “get”, ya kutendwa na nyinginezo, ikifanya kazi kwa kasi aende kibanda umiza Jumamosi jioni, pale sauti ya mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza isipofunikwa na kelele za mashabiki. Mchezaji kaoneshwa kadi ya njano, “he gets booked”. Katolewa kwa nyekundu, “he gets sent off”. Mshambuliaji kampita beki, “he gets past him”. Timu iliyokuwa nyuma kwa mabao mawili imerudisha moja, “they get one back”. Vijana wetu wanayasikia haya kila wiki, na wanajua kilichotokea uwanjani kabla ya maneno kuwafikia. Maana ikitangulia na maneno yakafuata, lugha hukaa. Mwalimu anayewaona wanafunzi wake wakihama somo kwa ajili ya mpira angeweza kuuleta mpira darasani, dakika kumi za utangazaji kwenye simu, na kuwauliza kila “get” waliyoisikia ilikuwa kauli gani.

Kutendesha kunahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa hapa Kiswahili chetu cha kila siku hutuponza. Mwanamke anayekwenda saluni husema nakwenda kusuka, ingawa atakayesuka ni msusi. Mtu aliyetoka kwa fundi cherehani husema nimeshona suti. Hakuna Mswahili anayedanganyika. Tunajua fundi yupo. Lakini ukisema kwa Kiingereza “I sewed a suit”, msikilizaji atadhani umekaa kwenye cherehani mwenyewe, na ukisema “I repaired my phone” atakuomba umtengenezee na yake. Kiingereza kinadai umtaje fundi kwa njia ya sarufi: “get”, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo lake la kutendwa. “I got my phone repaired.” “She’s getting her hair braided.” “I got a suit made.” Mpangilio huo haugeuzwi. Kitu lazima kitangulie. “I got repaired my phone” haisikiki kwa yeyote.

Muundo huu ndio utakaokuhudumia ofisini na hospitalini, na mtu anayehamia nchi ya Kiingereza atauhitaji wiki ya kwanza. Kupima presha, “get my blood pressure checked”. Kugongesha mhuri kwenye hati, “get the document stamped”. Kuhuisha pasipoti, “get my passport renewed”. Kunyoa kwa kinyozi, “get my hair cut”. Jizoeze sentensi nne hizo mpaka zitoke bila kufikiri, utaona nyingine zinakuja zenyewe.

Ikiwa unayemtendesha ni mtu, muundo hubadilika kidogo: “get”, mtu, kisha “to” na kitenzi. Hapa Kiingereza kinalazimisha uchaguzi ambao kiambishi chetu -sha hakilazimishi. Mama alimnywesha mtoto dawa: kwa kubembeleza au kwa nguvu? Kiswahili kinaweza kunyamaza. Kiingereza hakinyamazi. “She got the child to take the medicine”, alibembeleza mpaka mtoto akakubali. “She made the child take the medicine”, mtoto alitaka asitake. “She had the nurse give him the medicine”, alimwagiza muuguzi. Angalia pia kwamba “make” na “have” hazitaki “to”, na “get” inaitaka. Kosa la kuiacha ni la kawaida mno: “I got him sign” iwe “I got him to sign”.

Nakipenda hasa kitenzi hiki kikitumika kwa vitu vinavyogoma. Gari limegoma kuwaka, “I can’t get the car to start”. Mlango umegoma kufunguka, “I can’t get the door to open”. Kiswahili kinaupa mlango ukaidi wake wenyewe. Kiingereza kinamweka mtu anayeubembeleza. Asubuhi ya nyumba yenye watoto nayo imejaa “get” za namna hii: kuwavisha, “get them dressed”, kuwaandaa kwa shule, “get them ready for school”, kumlaza mdogo, “get the baby to sleep”.

Kutendea ni kwepesi. Niletee maji, nikatie tiketi, nichukulie kalamu, alimnunulia mama yake khanga: zote zinaingia katika “get” yenye mtu na kitu baada yake. “Get me a ticket.” “She got her mother a kanga.” Lakini adabu haihami pamoja na sarufi. Niletee maji kwa Kiswahili hulainishwa na sauti, au na neno naomba. “Get me some water” kwa mgeni ni amri kavu. Anza na “Could you”, na mwishoni tia “please”. Katika mikahawa ya Marekani utawasikia wateja wakiagiza kwa “Can I get a coffee?”, na hapo hiyo ni lugha ya heshima ya kawaida.

Kutendana kunaleta raha, kwa kuwa lugha zote mbili zimepita njia moja. Kutokana na kupata tumeunda kupatana, na Waingereza kutokana na “get” wameunda “get on”, Wamarekani “get along”. Majirani hawa hawapatani: “those neighbours don’t get on”. Hata kupata kwa maana ya kujaliwa kufanya jambo kupo pande zote mbili. Sikupata kumwona kabla hajasafiri ni “I didn’t get to see him before he left”. Na kijana wa leo akikuambia nimekupata, akimaanisha nimekuelewa, amesema “I get you” bila kujua.

Ufanano huo ndio unaotega. Kwa sababu kupata na “get” hukutana mara nyingi, tunadhani hukutana daima, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kimejaa alama za dhana hiyo. Pata ajali tunaigeuza “get an accident”. Kiingereza ni “have an accident”. Amepata mtoto tunaigeuza “she got a baby”, na Mwingereza anajiuliza amempata wapi. Mwenyewe husema “she had a baby”. Kupata faida na kupata hasara huchukua “make”: “make a profit”, “make a loss”. Kupata umaarufu ni “become famous”. Kupata shida, mara nyingi “have problems”. Kwa upande mwingine kupata kazi, kupata mimba, kupata nafuu, kupata malaria na kupata alama nzuri zote zinakwenda na “get” bila tatizo. Hapa sina kanuni ya kumpa msomaji. Haya hujifunzwa moja moja, kama Mzungu anavyojifunza kwamba sisi hupiga pasi, hupiga simu, hupiga picha na hupiga kura bila kumuumiza mtu.

Safari zina utaratibu wake na ni rahisi. Chombo ambacho unaweza kusimama au kutembea ndani yake, na kile unachokikalia kwa kupanda juu yake, hupandwa kwa “get on” na hushukwa kwa “get off”: basi, treni, ndege, meli, baiskeli, bodaboda. Chombo unachoingia kwa kuinama na kukaa hapo hapo ni “get in” na “get out of”: teksi, gari dogo, bajaji. Wasafiri wetu wengi, Kenya hasa, hutumia “alight” kwa kushuka. Neno hilo ni sahihi na huandikwa kwenye mabango ya vituo, lakini Mwingereza akiwa ndani ya basi humwambia mwenzake “I’m getting off here”. Ukiwa Nairobi au Moshi tumia lililozoeleka. Ukiwa London au Chicago tumia la kwao.

Na asubuhi, kabla ya safari yoyote, kuna kuamka. Kiswahili kinatosheka na neno hilo moja kwa kufumbua macho na kutoka kitandani. Kiingereza kinatenganisha: niliamka saa kumi na moja, “I woke up at five”, nikaondoka kitandani saa kumi na mbili, “I got up at six”.

Vinabaki vile vishazi ambavyo havikisiki kwa kutazama sehemu zake. “Get over” ni kupona, iwe homa au uchungu wa kuachwa. “Get by” ni kumudu maisha kwa kidogo kilichopo. “Get away with” ni kukosa na usiadhibiwe. “Get through” kwa simu ni kumpata unayempigia. “Get rid of” ni kuondokana na kitu. Nakushauri usivikariri kwa orodha. Orodha za vishazi hivi zinauzwa na kusambazwa kila mahali, nazo husahaulika kabla ya wiki kwisha, kwa sababu kila kimoja kimeng’olewa kutoka katika tukio lake. Subiri ukutane nacho katika filamu, riwaya au mazungumzo, kisha kiandike pamoja na sentensi nzima iliyokizunguka.

Kuhusu umbo lenyewe: wakati uliopita ni “got” kila mahali, lakini umbo la tatu Marekani ni “gotten” na Uingereza ni “got”. Shule zetu zinafuata Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika “got”. “I’ve got” ni nina, “I’ve got to go” ni lazima niende.

Kuna walimu wanaoipiga “get” marufuku katika insha zote. Nawaelewa, na sikubaliani nao. Ni kweli kwamba barua ya ofisini haianzi na “I got your letter”; huanza na “I have received your letter”. Ni kweli kwamba ripoti husema hali iliboreka, “improved”, na haisemi “got better”. Anayeandika kwa ajili ya ofisi, mahakama au mtihani anapaswa kujua mbadala wa kila “get”. Lakini marufuku ya jumla inamfundisha kijana kwamba neno hili ni baya, naye analikwepa hata anapozungumza, na matokeo yake ni ule ulimi wa mkataba niliousema mwanzoni. Afundishwe vyote viwili, na afundishwe kuchagua. Kisha kuna mahali ambapo mbadala haupo hata katika maandishi rasmi: “get used to” na “get married” huandikwa katika vitabu na magazeti ya heshima bila aibu.

Kwa vifaa, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya mwaka 1996, inafaa unaposoma na kutaka kujua neno lina maana gani. Unapotaka kusema au kuandika, tumia kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, ndiye aliyeiongoza ile iliyochapwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikachukuliwa na Oxford mwaka 1948, na vizazi vyake ndivyo vinavyouzwa katika maduka yetu ya vitabu mpaka leo. Hornby aliona kwamba mwanafunzi akipewa maana bila muundo amepewa nusu, akaonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Ukiifungua kwenye “get”, ruka maana, tafuta mifano, na kila mfano jiulize: huu kwa Kiswahili ni kauli gani?

Daftari lako lipange kwa Kiswahili. Upande wa kushoto usiandike “get”. Andika kitenzi chetu katika kauli yake na njeo yake: nalipwa, tulipotea, nimenyolewa, utazoea, hawapatani, niletee. Upande wa kulia andika sentensi nzima ya Kiingereza, yenye mtu, mahali na wakati unaoujua wewe, kwa sababu sentensi ya maisha yako hutaisahau. Usiku funika upande wa kulia, uisome ya kushoto kwa sauti ukitoa Kiingereza chake. Vitenzi kumi unavyovitumia kila siku vinatosha kuanzia. Viandike leo, na umtafute mwenzako wa kuzungumza naye, kwa maana “get” ni neno la kinywa na haliwezi kufundishwa kwa macho peke yake.